Kawaida ya Nani?

Nilivunja ungo nikiwa darasa la saba, mwezi wa Ramadhani, na katika juma moja shangazi yangu alinifundisha kila alichoona kinafaa. Namna ya kukunja kitambaa kisisogee. Namna ya kukifua kwa maji baridi, kwa sababu maji ya moto huigandisha damu kwenye nguo. Namna ya kukianika chini ya kanga, ili jua likipate na macho ya watu yasikipate. Namna ya kuinuka kitini na kumwomba mwenzako akutazame nyuma. Alinifundisha kujitwaharisha, na kuzihesabu siku za kulipa baada ya Idi. Yalikuwa mafunzo mazuri, yaliyotolewa kwa upendo na mtu aliyekuwa somo wangu, na mengi nayafuata mpaka leo.

Jambo moja tu halikuwemo: kupima.

Lugha yenyewe haitusaidii hapa. Tunasema msichana yuko mwezini, yuko kwenye siku zake, ameingia hedhini, hasali. Chuoni wenzangu husema tu "niko piriodi". Maneno yote haya hujibu swali moja, kama yuko katika hali hiyo au hayuko. Sisi ni watu wa vipimo: tuna kibaba na pishi, tuna fungu la nyanya, kidumu cha mafuta, sado ya mchele. Damu ya mwezi haina hata kimoja. Ukiulizwa inatoka kiasi gani, neno la kwanza linalokuja mdomoni ni "kawaida".

Ninasoma shahada ya uzamili ya takwimu jijini Dar es Salaam, kwa hiyo neno hilo ni kama chombo changu cha kazi. Darasani, kawaida ni mahali walipo wengi. Ukichora vimo vya watu elfu moja kwenye grafu unapata umbo la kengele: wengi wamejazana katikati, wachache wako pembeni. Grafu hiyo inakuonyesha wengi wako wapi. Haisemi kama hapo walipo ni pazuri. Sehemu za mkoa wa Arusha, ambako maji ya chini ya ardhi yana floridi nyingi, watu wengi wamekua na meno ya kahawia. Huko, kwa maana ya takwimu, meno ya kahawia ni kawaida. Hakuna daktari wa meno atakayekwambia kwamba meno yanatakiwa yawe hivyo.

Muhula wa pili wa masomo, ngazi za ghorofa ya tatu zilianza kunishinda. Nikifika juu moyo unadunda kama nimekimbia, masikio yanavuma, na inanibidi nijifanye naangalia simu mpaka pumzi irudi. Nilikuwa nasinzia maktaba saa nne asubuhi. Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Wenzangu walisema ni presha ya tasnifu. Mama ntilie tunakokula alisema sili. Mama, kwa simu kutoka Tanga, aliniambia ninywe juisi ya rosela.

Daktari niliyeonana naye alikuwa mwanamke wa rika la mama yangu. Alivuta kope yangu ya chini, akatazama, akaiachia.

"Mwanangu, ukiwa kwenye siku zako unatoka damu kiasi gani?"

"Kawaida tu, Daktari."

"Kawaida ya nani?"

Sikuwa na jibu, na hakuonekana kulingoja. Alichukua kalamu akaanza kuuliza maswali ambayo sikuwahi kuulizwa na mtu yeyote. Siku ngapi tangu ianze mpaka ikauke? Tisa. Siku ya pili na ya tatu unabadilisha pedi kila baada ya muda gani? Saa moja na nusu, mara nyingine chini ya hapo. Unavaa mbili kwa pamoja? Ndiyo, usiku. Unaamka usiku kubadilisha? Ndiyo, kila mtu huamka. (Hapa aliinua macho akaniangalia.) Mabonge yanatoka? Yanatoka. Makubwa kuliko sarafu? Ndiyo. Kuna siku hutoki chumbani kwa sababu yake? Kuna siku mbili kila mwezi ambazo sipangi kitu chochote nje ya hosteli, na nilikuwa nikizipanga hivyo tangu kidato cha pili.

Kwa dakika tano kitu ambacho siku zote kilikuwa ukungu kikawa jedwali. Kisha wakanitoa damu, na wekundu wa damu ukasoma 7.4.

Kwa mwanamke asiye mjamzito, upungufu wa damu huhesabiwa kuanzia chini ya gramu 12 kwa desilita. Chini ya 8 huitwa upungufu mkali. Nilikuwa na upungufu mkali wa damu huku nikihudhuria vipindi, nikipika, nikicheka na wenzangu na kufua nguo zangu mwenyewe. Daktari alisema hilo halimshangazi. Damu ikipungua ghafla mtu huanguka. Ikipungua polepole kwa miaka, mwili hujibana: moyo unapiga haraka zaidi, mtu anatembea taratibu zaidi, anaacha michezo, anajiita mvivu.

Hesabu yake ni nyepesi, na laiti ningefundishwa pamoja na ile ya kukunja kitambaa. Katika hedhi nzima, mwanamke wa wastani hutoka damu ya mililita 30 hadi 40, yaani vijiko viwili vya chakula na kidogo. Kwa muda mrefu madaktari wamechukua mililita 80 kuwa mpaka wa hedhi nzito. Kila mililita ya damu hubeba takriban nusu miligramu ya madini ya chuma, kwa hiyo mililita 80 huondoka na miligramu 40. Kwa upande wa mapato, mwili hunyonya kutoka kwenye chakula miligramu moja hadi mbili tu kwa siku, na karibu moja hupotea kila siku hata bila hedhi. Mwanamke anayetoka mililita 80 kila mwezi ni kama duka linalouza kwa hasara. Akiba ikiwepo duka litaendelea kufunguliwa kila asubuhi, na wapita njia hawatajua kitu.

Bila shaka hakuna anayekaa na kikombe cha kupimia. Ndiyo maana siku hizi madaktari huuliza maswali kama yale ya daktari wangu, na wengi wamekubaliana kwamba hedhi nzito ni ile inayomzuia mwanamke kuishi maisha yake, mililita ziwe ngapi. Kwa mtu mzima, mzunguko wenye afya huwa kati ya siku 24 na 38, na damu haizidi siku nane. Kwa wasichana waliovunja ungo karibuni mzunguko huyumba zaidi, na hilo halina neno. Mwaka 2015 chama cha madaktari wa wanawake cha Marekani kilirudia ushauri wake kwamba kwa wasichana hedhi ihesabiwe kama dalili kuu ya uhai, pamoja na joto la mwili, mapigo ya moyo na presha. Nilipousoma ushauri huo niliwaza kadi zote za zahanati nilizowahi kushika. Wameandika uzito wangu na joto langu mara nyingi mno.

Miaka miwili kabla ya hapo nilikwenda zahanati nyingine, sitaitaja, kwa sababu hiyohiyo ya damu. Niliambiwa, kwa upole kabisa, "Ukizaa itatulia." Nilikuwa na miaka 22 na sina mchumba. Katika jibu lile tumbo langu lilikuwa kama chombo kinachosubiri kazi yake, na kelele zake za kungoja hazikumhusu mtu.

Kipimo cha picha kilionyesha vivimbe viwili kwenye mfuko wa uzazi. Ni vile ambavyo watu huita faibroidi, uvimbe usio saratani unaoota kwenye misuli ya kizazi. Kimoja kilikuwa kidogo lakini kimekaa vibaya, kimesukuma kuelekea ndani, mahali ambapo hata uvimbe mdogo huweza kuleta damu nyingi. Swali la pili la daktari lilikuwa: "Mama yako yukoje?" Faibroidi huenda katika koo. Aliye na mama au dada mwenye uvimbe huo ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuupata.

Mama yangu yukoje? Ni mwalimu wa shule ya msingi, ana miaka 48, na tangu nipate akili anatafuna mchele mbichi. Anapochagua mchele kwenye ungo, konzi moja huenda sufuriani na nyingine mdomoni. Zamani ilikuwa udongo, ule wa vipande unaouzwa sokoni, ambao watu husema ni wa wajawazito. Mama alikuwa akiula miaka ambayo hakuwa mjamzito, na sisi watoto tulikuwa tukimtania. Kumbe hamu ya vitu visivyo chakula, yaani udongo, mchele mbichi au barafu, ni rafiki wa karibu wa upungufu wa madini ya chuma. Nikamkumbuka pia akilala saa kumi jioni na viatu miguuni, na baba akituambia tusipige kelele, mama yenu amechoka. Amechoka lilikuwa kama jina lake la pili.

Nilikwenda Tanga wikiendi. Tulikaa uani, mimi na karatasi yangu, na kwa mara ya kwanza maishani nikamuuliza mama yangu maswali ambayo mtoto kwetu hamuulizi mzazi. Nilianza na "Mama, samahani," na yeye akaanza kwa kucheka. Kisha akajibu yote. Siku kumi. Kanga mbili kitandani. Mwaka fulani aliandika ubaoni kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika sweta alilojifunga kiunoni, kipindi kizima, mwezi wa Februari, na joto la Tanga nyote mnalijua. Wekundu wa damu ulipopimwa ulikuwa 8.1. Vivimbe vilikuwa zaidi ya vitano.

Tukiwa kwenye daladala kurudi nyumbani alikaa kimya mpaka karibu na kituo chetu. Kisha akasema, bila kunitazama, "Kwa hiyo miaka yote ile nilikuwa mgonjwa?"

Nimelifikiria swali lile kuliko swali lolote la mtihani. Hakuwahi kujiona mgonjwa. Alijiona mwanamke. Mama yake alitoka damu vile, dada zake vile, na uchovu ule ulikuwa sehemu ya kazi, kama mgongo kuuma wakati wa kulima. Katika ukoo ambao kila mwanamke anatoka damu kupita kiasi, damu kupita kiasi ndiyo kawaida. Sampuli yake ilikuwa imeharibika tangu mwanzo, na hakuwa na nyingine.

Na sampuli hiyo ni kubwa kuliko ukoo wetu. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa Tanzania wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Sehemu ya sababu ni malaria, sehemu minyoo, sehemu chakula, sehemu ujauzito unaofuatana bila mwili kupumzika. Sitaki kuubebesha hedhi mzigo wote, takwimu zenyewe hazituruhusu. Lakini ukiwapanga wanawake 100 foleni ya maji, 45 wana damu pungufu, na anayewatazama kwa mbali atasema ndivyo wanawake walivyo. Hata faibroidi zenyewe ni za wengi. Utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba zaidi ya asilimia 80 ya wanawake weusi wa huko huwa nazo kabla ya kufika miaka 50, wengi wao bila dalili yoyote. Jambo linaweza kuwa la wengi namna hiyo, na kwa baadhi yao likawa linawamaliza taratibu.

Maumivu nayo yameingizwa katika neno hilohilo. Tumbo la siku ya kwanza lina maelezo: ukuta wa mfuko wa uzazi hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, nazo huifanya misuli ikaze ili kuisukuma damu nje. Dawa kama ibuprofeni huzuia kemikali hizo zisitengenezwe, na ndiyo sababu hufaa zaidi ukizimeza mapema kuliko ukingoja mpaka ulie. Wasiojaliwa tumbo la kuvumilia dawa hizo, au wenye vidonda vya tumbo, wamwone daktari kwanza. Lakini kuna maumivu ambayo dawa hizo haziyagusi, na mojawapo ya sababu zake ni endometriosi, ugonjwa ambao tishu inayofanana na ile ya ndani ya kizazi huota nje yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa anao.

Wakenya walilijua neno hilo kupitia kwa Njambi Koikai, mtangazaji na mpenzi wa rege ambaye mashabiki walimwita Jahmby. Kwake ugonjwa ulipanda mpaka kifuani, na pafu lake likawa linaanguka tena na tena. Wananchi walimchangia akatibiwe Marekani, akarudi, akaendelea kulisema hadharani jambo ambalo wengi hulisema kwa kunong'ona. Alifariki Juni 2024. Nilikuwa nikimsikiliza kwa miaka kadhaa kama mtu anayesimulia balaa la nadra. Sasa, wenzangu wawili wa hosteli wanapojikunja kitandani kila mwezi mpaka kutapika, na mtu wa tatu anasema "vumilia, ndiyo uanamke," namkumbuka.

Mazungumzo yetu ya hadhara kuhusu hedhi yamekuwa, kwa sehemu kubwa, mazungumzo kuhusu pedi. Kenya iliondoa kodi ya pedi mwaka 2004, na mwaka 2017 ikatunga sheria ya serikali kuwapa wanafunzi pedi bure. Tanzania iliondoa kodi ya ongezeko la thamani katika bajeti ya 2018/19, kisha ikairudisha mwaka uliofuata kwa hoja kwamba wafanyabiashara hawakushusha bei. Nataka kodi iondoke tena na bei ishuke, kwa sababu msichana asiye na pedi hukosa shule, na hilo halihitaji grafu. Ila pedi, kwa kazi yake, ni kitu cha kunyonya na kuficha. Msichana anayemaliza pakiti nzima kwa siku mbili anaweza kupewa pakiti ya pili na kila mtu akaridhika. Natamani anayemkabidhi hiyo ya pili amuulize kwa nini ya kwanza imekwisha.

Matibabu yangu si hadithi ndefu. Vidonge vya madini ya chuma, ambavyo havipatani na chai, kwa hiyo chai ya rangi nimeihamishia mbali na mlo na badala yake nakamua ndimu. Asidi ya traneksamiki kwa siku zile nzito, dawa inayosaidia damu ishikane pale inapovuja. Rosela naendelea kuinywa kwa sababu ni tamu na kwa sababu ya Mama. Kuhusu uvimbe, daktari alinipa njia mbili: kuutoa kwa upasuaji wa kupitia njia ya uzazi, au kwanza kujaribu kitanzi chenye homoni, ambacho kwa wanawake wengi hupunguza damu sana, ingawa umbo la uvimbe wangu huenda lisikiruhusu kikae. Nilimwambia Mama kwa simu. Neno kitanzi lilimnyamazisha.

"Kwa mwari?" akauliza.

"Ni dawa ya damu, Mama."

"Najua umesema ni dawa. Shangazi yako nitamwambiaje?"

Bado hatujajua tutamwambiaje. Uamuzi ni wangu na nimepanga kuufanya kabla ya muhula ujao, lakini sijioni nikiufanya nje ya watu wangu. Mama naye ana uamuzi wake. Ameambiwa kwamba hedhi ikikoma vivimbe kwa kawaida hunywea, na kwamba kwa umri wake anaweza kungoja akiwa kwenye dawa, au anaweza kufanyiwa upasuaji sasa. Kungoja ndiko alikozoea. Lakini wiki iliyopita aliniuliza upasuaji ule unachukua siku ngapi za kulazwa, na kama shule ikifungwa Juni daktari atakuwepo.

Jana usiku alipiga tena. Ni wiki ya sita tangu aanze vidonge. Tulizungumza mambo ya kodi ya nyumba, mahari ya binamu, mvua. Alipokaribia kukata akasema kuna jambo la ajabu: amechagua mchele wa kilo tatu wa kisomo, ungo mzima, na alipomaliza akagundua hakutia hata punje mdomoni. Hakujizuia. Haikumjia tu.

"Na marehemu bibi yako," akasema, "alikuwa akila udongo mpaka ule wa kuta za jikoni. Tulikuwa tunamwambia atabomoa nyumba."

Alicheka, kisha akaacha kucheka. Nikamsikia anahesabu kwa sauti ya chini, watoto wangapi, miaka mingapi.